Fuwele za zeolaiti ndani ya haidrojeli: je, ukubwa wake huamuliwa na matundu ya jeli?

MkuzaFuwele ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijaribu kukuza fuwele za zeolaiti A, madini ya alumini na silikoni yenye vinyweleo vidogo mno, zenye ukubwa wa chini ya nanomita 100. Ninazihitaji ili nizichanganye na polima na kutengeneza utando mwembamba wa kutenganisha gesi, na fuwele za kawaida, ambazo hufikia maikromita moja hadi tatu, ni nene kuliko utando wenyewe ninaoukusudia. Njia niliyoichagua ni ya kukuza fuwele ndani ya haidrojeli, yaani jeli ya polima iliyojaa maji, ya methiliselulosi, polima itokanayo na selulosi. Ninayeyusha polima katika maji baridi, ninaichanganya na mimumunyo ya aluminati ya sodiamu na silikati ya sodiamu, kisha ninapasha joto hadi nyuzi 80 za Selsiasi, ambapo mchanganyiko wote huganda na kuwa jeli kabla fuwele hazijakua. Baada ya saa kadhaa ninaupoza, jeli inarudi kuwa majimaji, nami ninaosha.

Zeolaiti inapatikana, na mchoro wa eksirei unaonyesha vilele vyote vinavyotarajiwa. Kinachonisumbua ni ukubwa. Nilikuwa nimeamini kwamba jeli ni kama sega la nyuki, kwamba kila chumba hulea fuwele moja na fuwele haiwezi kukizidi chumba chake. Kwa imani hiyo niliongeza methiliselulosi mara mbili, nikitarajia fuwele zipungue kwa nusu. Zilipungua kidogo tu, na katika picha za hadubini ya elektroni bado naona ndogo na kubwa zimekaa pamoja, nyingine zikipita nanomita 200. Nadhani hata mchanganyiko wa pili ulikuwa na tofauti kubwa zaidi ya ukubwa kuliko wa kwanza, jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Aidha, nikikausha unga wangu, fuwele zinashikamana na kuwa mabonge ambayo hata mawimbi ya sauti yaliyo juu ya uwezo wa sikio hayayatenganishi.

Ningependa kuelewa ni nini hasa jeli inafanya, kama ningekuwa na bahati zaidi kwa kutumia poliakrilamidi, polima nyingine ya kutengenezea jeli, na jinsi ya kupima ukubwa kwa namna ninayoweza kuiamini, kwa sababu kila kipimo ninachotumia kinanipa jibu lake.

---

Mwanakoloidi amejibu:

Ndugu MkuzaFuwele, nianze na picha ya sega la nyuki, kwa kuwa nayo ndiyo iliyokupeleka kwenye jaribio lisiloweza kukupa ulichokitaka.

Umbali kati ya mnyororo mmoja wa polima na mwingine ndani ya haidrojeli ya kawaida ni nanomita chache hadi makumi ya nanomita. Chumba cha msingi cha muundo wa zeolaiti A, yaani kile kipande kinachojirudia kujenga fuwele nzima, kina ubavu wa nanomita 2.46. Kama tundu la jeli lina upana wa nanomita tano, basi ndani yake kungetosha vyumba vya msingi vinane tu, viwili kwa kila upande. Ingekuwa jeli ni kalibu, ungepata fuwele za nanomita tano, na pengine eksirei isingeweza hata kuzitambua kuwa zeolaiti. Wewe unapata fuwele zilizo kubwa mara kumi au ishirini zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba fuwele inapokua huisukuma minyororo ya polima kando, huikata baadhi, na nyingine huizingira na kuimeza.

Upande wa pili wa jambo hili ni kwamba chakula cha fuwele hakizuiliki. Ioni za silikati, aluminati, sodiamu na haidroksaidi ni ndogo sana zikilinganishwa na matundu hayo, kwa hiyo hupita, ingawa kwa mwendo wa taratibu kuliko katika maji matupu. Jeli basi ni breki, wala si kalibu. Inazuia mikondo ya maji inayotokana na joto, inazuia chembe zisizame na kurundikana chini ya chombo, na muhimu kuliko yote, inazitenga zile chembe laini za aluminosilikati zisizo na mpangilio, ambazo hujitokeza mara tu unapochanganya mimumunyo miwili. Viini vya fuwele, yaani mbegu ndogo ambazo ukuaji huanzia, huzaliwa ndani ya chembe hizo au juu ya nyuso zake. Zikiachwa huru huungana na kuwa mabonge makubwa, na kiini kimoja kilichobahatika hula bonge zima. Zikifungwa mahali pake na jeli, kila moja hubaki na akiba yake ndogo, na fuwele husimama akiba inapokwisha.

Ushahidi mzuri umo katika kazi ambayo wengi wetu tuliianzia. Mwaka 2003 Huanting Wang, Brett Holmberg na Yushan Yan, waliokuwa Chuo Kikuu cha California huko Riverside, walieleza jinsi walivyokuza zeolaiti A na zeolaiti X ndani ya methiliselulosi bila kutumia molekuli elekezi za kikaboni, zile ambazo zeolaiti nyingine hujijenga kuzizunguka. Fuwele za A zilikuwa kati ya nanomita 20 na 180, na za X kati ya 10 na 100. Tazama upana wa safu hizo. Polima ni ile ile, lakini ukubwa unatofautiana mara tisa au kumi, na aina mbili za zeolaiti hazikutoa safu moja. Kalibu haifanyi hivyo.

Sasa kwa nini kuongeza polima mara mbili hakukupunguza fuwele kwa nusu? Kiasi cha silikoni na alumini ulichoweka kina kikomo. Kikigawanywa kwa viini vingi, kila fuwele hupata kidogo, lakini ukubwa tunaoupima ni urefu wa ubavu, ilhali kinachogawanywa ni ujazo. Ili ubavu upungue kwa nusu, idadi ya viini lazima iongezeke mara nane. Ili kutoka nanomita 200 hadi 50, unahitaji viini mara 64. Polima peke yake haina nguvu hiyo. Nguvu hiyo imo katika muda wa kuuacha mchanganyiko utulie kwenye ubaridi kabla ya kuupasha joto, katika wingi wa alkali, na katika halijoto ya ukuaji, kwa sababu joto dogo hupunguza kasi ya ukuaji kuliko linavyopunguza kuzaliwa kwa viini ambavyo tayari vimeanza kujipanga wakati wa kutulia.

Kwa hiyo ningekushauri uache kiasi cha polima kilipo na uanze kubadilisha muda wa kutulia. Jaribu saa 0, 6, 24 na 48 katika halijoto ya chumba, kila kitu kingine kikibaki vilevile. Hapa methiliselulosi ina fadhila ambayo sioni ikisemwa vya kutosha. Kwa kuwa ni majimaji kwenye ubaridi na jeli kwenye joto, viini vyako vinazaliwa ndani ya majimaji na kisha vinafungwa mahali pake kwa kitendo kile kile cha kupasha joto kinachoanzisha ukuaji. Huhitaji kufungua chombo wala kuongeza kitu.

---

Polima_na_Jeli amejibu:

Nakubaliana na Mwanakoloidi kwamba jeli ni breki, ila naona ameiachilia polima kwa urahisi mno. Muulizaji amesema kwamba alipoongeza methiliselulosi mara mbili, tofauti ya ukubwa iliongezeka. Hilo halielezwi na hesabu ya viini. Linaelezwa na mnato.

Mmumunyo wa methiliselulosi yenye minyororo mirefu huwa mzito haraka sana kadiri unavyoongeza polima. Ukimimina silikati katika mmumunyo mzito wenye aluminati, mchanganyiko haufiki kila mahali kwa wakati mmoja. Sehemu moja hupata silikati nyingi na viini vingi huzaliwa hapo, na sehemu nyingine hubaki na upungufu. Kisha unapasha joto, jeli inaganda, na ile tofauti ya mahali na mahali inahifadhiwa hadi mwisho, kwa kuwa hakuna mkondo wa kuisawazisha. Jeli huhifadhi kwa uaminifu makosa ya uchanganyaji kama inavyohifadhi mema yake. Tafuta methiliselulosi ya mnato mdogo, yaani yenye minyororo mifupi, ili uweze kuweka polima nyingi na bado uchanganye vizuri. Changanya ikiwa baridi, nyuzi chache juu ya sifuri, na uimimine silikati polepole huku ukikoroga kwa nguvu.

Kuna sababu nyingine ya kuchanganya kwenye ubaridi. Katika maji matupu methiliselulosi huganda kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi, lakini chumvi huishusha halijoto hiyo, na mchanganyiko wa zeolaiti una sodiamu nyingi mno. Ukiona vipande vyeupe kama nyuzinyuzi vikijitenga hata kabla hujapasha joto, ujue kwamba polima imefukuzwa na chumvi na haitengenezi mtandao tena. Jeli ya namna hiyo ina mifuko ya maji isiyo na polima, na humo ndimo zinamokua zile fuwele za nanomita 200. Vilevile alkali yenye joto ikishirikiana na oksijeni hukata minyororo ya selulosi, kwa hiyo pitisha nitrojeni katika maji yako kabla ya kuanza na ufunge chombo vizuri.

Kuhusu poliakrilamidi, jibu linategemea zeolaiti unayoitaka. Mtandao wake umefungwa kwa vifungo vya kikemia. Unauchagulia ubanaji kwa kiasi cha kiunganishi, ambacho kwa kawaida ni methilini-bisakrilamidi, na hauyeyuki unapopoa. Huo ni uwezo wa kudhibiti ambao methiliselulosi haina. Lakini kisichoyeyuka hakioshwi, na njia ya kuaminika ya kuiondoa ni kuichoma. Tena, katika alkali kali yenye joto, vikundi vya amidi hugeuka kuwa kaboksilati na kutoa amonia, ambayo utainusa mara ufunguapo chombo. Hivyo jeli iliyopo saa ya mwisho si ile uliyoitengeneza saa ya kwanza, kwani minyororo yake imepata chaji na tabia yake ya kuvimba imebadilika. Ukiamua kuijaribu, kumbuka kwamba akrilamidi kabla ya kuunganishwa ni sumu kwa mishipa ya fahamu. Vaa glavu na fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa.

Ninakoiona poliakrilamidi ikistahili ni kwenye zeolaiti ambazo lazima zichomwe hata hivyo, kama silikalaiti-1, ambayo hukuzwa kwa ioni za tetrapropilamonia zinazobaki zimefungwa ndani ya vinyweleo vyake. Hapo mtandao wa polima huwa ukuta wa muda. Kwanza unachoma katika nitrojeni, polima inakuwa kaboni na kubaki kati ya fuwele moja na nyingine. Kisha unaingiza oksijeni, kaboni inaondoka, na fuwele hazikupata nafasi ya kugusana na kuungana wakati wa joto kali. Ukichoma moja kwa moja katika hewa, polima inawaka kwa ghafla, joto linapanda kuliko tanuri linavyoonyesha, na mvuke unaotoka huharibu zeolaiti zenye alumini nyingi. Zeolaiti A ina atomi moja ya alumini kwa kila atomi ya silikoni, kwa hiyo ni miongoni mwa zile za kuhurumiwa. Wewe huna molekuli elekezi ya kuondoa. Baki na methiliselulosi.

---

MkuzaFuwele ameandika:

Nawashukuru kwa dhati. Zile nyuzinyuzi nyeupe nimeziona mara nyingi, na nilidhani ni methiliselulosi ambayo haikuyeyuka. Nilikuwa nikichanganya katika halijoto ya chumba, wakati mwingine aluminati ikiwa bado ina joto la kuyeyushwa. Sasa naelewa kwa nini majaribio mawili yenye uwiano ule ule hayakufanana.

Naomba msaada kuhusu vipimo. Fomula ya Scherrer, inayokadiria ukubwa wa fuwele kutokana na upana wa vilele vya eksirei, inanipa nanomita 60, mashine ya kutawanya mwanga inanipa 240, na picha za hadubini zinanipa kila kitu kilicho katikati ya hizo.

---

MpimaNano amejibu:

Vipimo vyako havipingani, ndugu yangu. Kila kimoja kimeulizwa swali tofauti.

Scherrer anapima upana wa kilele, na kilele hupanuka kadiri fuwele inavyokuwa ndogo. Chukua eksirei ya shaba yenye urefu wa wimbi wa nanomita 0.154 na kilele cha zeolaiti A kilicho karibu na nyuzi 24 za pembe, si za joto. Fuwele ya nanomita 30 itakipanua kwa takriban nyuzi 0.27, na hiyo inaonekana wazi. Fuwele ya nanomita 100 itakipanua kwa nyuzi 0.08 tu, na upana wa namna hiyo mashine nyingi za maabara huuleta zenyewe hata ukipima fuwele kubwa kabisa. Usipoutoa upana wa mashine kwa kutumia sampuli ya rejea, utahesabiwa fuwele ndogo kuliko zilivyo. Nina hakika sehemu ya ile 60 yako ni mashine. Zaidi ya hayo, kasoro ndani ya fuwele nazo hupanua kilele, na minyororo ya polima iliyomezwa ni kasoro za kutosha.

Mtawanyo wa mwanga una upendeleo wa kinyume. Kwa chembe ndogo kuliko wimbi la mwanga, nguvu ya mwanga unaotawanywa hukua kwa kipenyo kilichopandishwa hadi kipeo cha sita. Chembe moja ya nanomita 200 inasikika kama chembe 64 za nanomita 100. Mabonge machache yaliyobaki yanatosha kuzima sauti ya fuwele zako zote nzuri. Tena unachopima ni fuwele pamoja na vazi la maji na mabaki ya polima yaliyoishikilia.

Hadubini inasema kweli, lakini kuhusu fuwele chache ulizozitazama. Pima mia kadhaa kutoka picha za sehemu mbalimbali, usichague zilizopendeza, na uchore mgawanyo wake wote badala ya kuandika wastani peke yake.

Nataka kukupa kipimo kimoja ambacho zeolaiti A inakitoa karibu bure na ambacho nakipenda kuliko vyote. Dirisha la vinyweleo vyake lina upana wa takriban nanomita 0.41, lakini katika umbo la sodiamu, ioni za sodiamu huliziba kiasi kwamba nitrojeni katika nyuzi 196 chini ya sifuri haiingii ndani. Kwa zeolaiti nyingine eneo la nje linapaswa kutenganishwa na eneo la ndani kwa mahesabu yenye dhana nyingi. Kwa zeolaiti A ya sodiamu, nitrojeni inayonaswa ni ile ya nje tu. Fuwele zilizokaushwa zina msongamano wa karibu gramu 1.5 kwa sentimita ya ujazo, na eneo la mchemraba kwa gramu ni sita kugawanya kwa msongamano na ubavu. Fuwele za maikromita moja zitakupa takriban mita za mraba 4 kwa gramu. Za nanomita 100 zitakupa takriban 40, na za nanomita 50 karibu 80. Kipimo hiki kinasoma sampuli nzima, mamilioni ya fuwele kwa pamoja. Kikitoa namba ndogo kuliko hadubini inavyodai, basi fuwele zako zimeungana nyuso kwa nyuso, nawe utajua mabonge yako ni ya kushikamana kweli au ni ya kuegemeana tu. Hakikisha methiliselulosi imetoka yote kabla ya kupima, kwa kuwa mabaki yake huziba mianya na huongeza uzito usio wa zeolaiti.

---

MkaaMaabara amejibu:

Nitaongeza mambo machache ya mezani. Fuwele ndogo hazisamehe muda mrefu kama kubwa. Zeolaiti A si mwisho wa safari katika alkali yenye joto, bali huyeyuka na kujijenga upya kuwa sodalaiti, na fuwele ndogo, zikiwa na eneo kubwa la nje, huanza mapema. Kama katika mchoro wa eksirei kuna kilele kidogo karibu na nyuzi 14 ambacho hukukitarajia, punguza saa kabla ya kubadilisha kitu kingine. Tumia chupa za polipropilini, kwa sababu alkali yenye joto huyeyusha kioo na kukuongezea silika ambayo hukuipima.

Osha kwa maji ya barafu, maana methiliselulosi huyeyuka vizuri zaidi kadiri maji yanavyokuwa baridi, na mashine ya kuzungusha, inayotenga fuwele na maji, nayo iwe imepozwa. Msuguano ukiipasha joto, polima inaganda tena ndani ya mrija, nawe utadhani umeosha. Rudia hadi pH ya maji ya juu ishuke chini ya 9.

Kuhusu kukausha, kama kazi yako ni utando, kwa nini ukaushe? Matone ya mwisho ya maji yanapoondoka huzivuta fuwele zikagusane, kisha vikundi vya haidroksili vya nyuso mbili huungana na kutoa maji, na bonge linakuwa kitu kimoja. Badilisha maji taratibu kwa kimiminiko ambacho utando wako utayeyushwa ndani yake, ukizungusha na kutawanya tena kila hatua, na fuwele zisikauke hata mara moja hadi ziingie katika polima. Kipande kidogo tu cha kila sampuli ndicho ukikaushe, kwa ajili ya eksirei na nitrojeni.

---

MkuzaFuwele ameandika:

Nimeagiza methiliselulosi ya mnato mdogo leo. Wakati naisubiri nitarudia mchanganyiko wangu wa kwanza, wenye polima kidogo, nikichanganya kwenye barafu, na nitaugawa katika chupa nne za polipropilini zitakazotulia kwa saa 0, 6, 24 na 48 kabla ya kuingia kwenye nyuzi 80. Sampuli zote nne nitazipima kwa nitrojeni kwanza, kabla sijaziangalia kwa hadubini, ili macho yangu yasinichagulie jibu. Nitaleta namba hapa, ziwe nzuri au mbaya.